Kuseti shimesikio kwa kompyuta, hatua kwa hatua

Mzee wangu alikuwa seremala pale Pasua, Moshi, kwa zaidi ya miaka thelathini. Randa ya umeme na msumeno wa duara vilimlilia sikioni kutwa nzima, na siku zile hakuna fundi aliyewaza kuziba masikio. Alipostaafu alikuwa bado anasikia mlango ukigongwa, anasikia jogoo, anasikia wazee wenzake wakizungumza kwa sauti zao nene. Wajukuu wakimsemesha, alibaki kuwatazama midomo. Siku moja mjukuu wa miaka miwili alikuwa ndiyo anapata nafuu, na mama yake akasema kwa furaha, “Baba, leo hana homa.” Mzee akavaa koti akatoka hadi duka la dawa, akarudi na dawa ya homa. Yeye alikuwa amesikia “leo ana homa.” Kilichopotea njiani ni h, herufi ambayo ni pumzi tu.

Kisa hicho ndicho kilichonifundisha kazi hii kuliko kitu kingine. Mzee hakuwa na upungufu wa sauti kwa jumla. Irabu zote alizipata. Alikosa h, s, f, sh, zile sauti nyembamba na dhaifu ambazo Kiswahili kinazitumia kubebea maana. Ukimwongezea sauti yote kwa pamoja, irabu zitamgonga kichwa na h bado haitafika. Kuseti shimesikio, yaani kile kifaa cha kusikilizia kinachovaliwa sikioni, ni kumrudishia mtu zile sauti alizozipoteza, kwa kiasi alichozipoteza, na kuacha zile alizonazo zibaki zilivyo.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Niliitwa kuweka programu kwenye kompyuta ya chumba cha kupimia masikio, mtaalamu wa usikivu akaniambia kaa uone, nikakaa. Tangu hapo nimekuwa nikimsaidia. Mwongozo huu nawaandikia wasaidizi wa kliniki, walimu wa vitengo vya wanafunzi viziwi, na ndugu wanaowasindikiza wazee wao, ili wajue nini kinafanyika pale kwenye skrini na waulize maswali yanayostahili. Kwa mtoto, hasa asiyeweza kueleza anachosikia, kazi hii ni ya mtaalamu peke yake.

Kabla ya kuwasha kompyuta

Tazama sikio. Mtaalamu ana kimulimuli chake cha kuchungulia ndani. Ukikuta nta imeziba tundu, hakuna haja ya kuendelea, nta itolewe kwanza hospitalini. Njiti ya kiberiti na pamba ya kijiti huisukuma nta ndani zaidi, tafadhali mwambie mzee aache.

Kama kuna usaha, maumivu, kizunguzungu, au sikio moja limezima ghafla ndani ya siku chache, hiyo ni safari ya hospitali leo leo, kifaa kisubiri. Usikivu uliopotea ghafla una dawa ikiwahiwa, na kila siku inayopita inapunguza nafasi. Aliye Moshi anayo idara ya masikio, pua na koo pale hospitali ya KCMC. Aliye Arusha aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mount Meru apewe mwelekeo. Uliza pia dawa alizowahi kutumia. Sindano za gentamisini na streptomaisini zinaweza kuharibu usikivu, na kwinini nayo inaweza kuleta mvumo masikioni.

Kuisoma karatasi ya vipimo

Karatasi hii wataalamu huiita audiogramu. Kwa ulalo kuna namba 250, 500, 1000, 2000, 4000 na 8000. Hizo ni hezi. Upande wa kushoto ni sauti nene, kama mshindo wa ngoma. Upande wa kulia ni nyembamba, kama mlio wa ndege. Kwa wima kuna desibeli, kuanzia -10 juu hadi 120 chini. Alama inavyoshuka, ndivyo sauti ilivyolazimika kukuzwa ndipo mtu akaisikia. Duara jekundu ni sikio la kulia, X ya bluu ni la kushoto. Alama za < na > ni vipimo vya mfupa, vilivyochukuliwa kwa kitetemeshi kilichowekwa nyuma ya sikio. Alama za mfupa zikiwa nzuri huku za kawaida zimeshuka, zikaachana kwa desibeli 15 au zaidi, tatizo liko sikio la nje au la kati, na huenda linatibika. Mrudishe kwa daktari.

Karatasi ya mzee wangu, sikio la kulia, ilisoma hivi: 20 kwenye hezi 250, 25 kwenye 500, 35 kwenye 1000, 55 kwenye 2000, 70 kwenye 4000, kisha ikapanda kidogo hadi 65 kwenye 8000. Hilo shimo la 4000 ni alama ya kelele za kazi, utaliona kwa maseremala, wasaga nafaka na wachomeleaji. Sasa chukua 500, 1000, 2000 na 4000, jumlisha, gawanya kwa nne: unapata kama 46. Kwa mizani ya Shirika la Afya Duniani ya 2021, kuanzia 35 hadi chini ya 50 huhesabiwa upungufu wa kati. Ni kweli, lakini namba hiyo moja inaficha kwamba kwenye sauti nene mzee karibu ni mzima na kwenye nyembamba ameumia vibaya. Usiseti kwa wastani. Seti kwa kila namba.

Karatasi ikiwa na zaidi ya mwaka mmoja, omba apimwe upya. Vifaa vingi vya kisasa vinaweza pia kumpima mtu vikiwa vimevaliwa sikioni, kwa kutoa milio midogo kutoka kwenye kifaa chenyewe. Ni msaada mzuri wa kuhakikisha, ila chumba kiwe kimya kabisa, na kupima huko hakuchukui nafasi ya kipimo cha mfupa.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Kila kampuni ina programu yake, na programu ya kampuni moja haisemi na kifaa cha nyingine. Phonak hutumia Target, Oticon hutumia Genie 2, ReSound hutumia Smart Fit, Signia hutumia Connexx, Widex hutumia Compass GPS. Ipo pia Noah ya huko Denmark, ambayo hutunza faili za wateja na kuzifungulia programu za kampuni mbalimbali ndani yake. Zote hukaa kwenye kompyuta ya Windows. Kampuni huzitoa kwa wataalamu wa usikivu, kwa hiyo njia ya haki ni kufanya kazi chini ya mtaalamu aliyesajiliwa nazo. Nakala za kuokotwa mtandaoni nimeziona zikileta virusi kwenye kompyuta yenye majina na vipimo vya wagonjwa. Sizigusi.

Kati ya kompyuta na kifaa kuna daraja. Kwa vifaa vipya daraja ni kijisanduku kiitwacho Noahlink Wireless, unakichomeka kwenye USB nacho kinaongea na vifaa bila waya. Kwa vya zamani ni HI-PRO 2 pamoja na waya mwembamba unaoingia mahali pa betri, na kila muundo wa kifaa una waya au kiungo chake. Hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapotea. Shangazi yuko nje, anakutana na shimesikio ya bei nafuu, anaiweka kwenye begi, inafika uwanja wa ndege wa KIA, na huku hakuna waya wake. Au imefungwa na mtandao wa maduka iliyouzwa nayo, inakataa programu ya kawaida. Kabla ndugu hajalipa, mwambie asome jina na namba ya muundo iliyoandikwa kwenye mwili wa kifaa akutumie, umwonyeshe mtaalamu wa hapa. Ujumbe mmoja wa simu unaokoa mamia ya dola.

Betri ziwe mpya. Rangi ya karatasi yake inakuambia saizi: njano ni 10, kahawia ni 312, machungwa ni 13, bluu ni 675. Hizi hupumua hewa ndipo zifanye kazi, basi bandua karatasi, iache dakika mbili hadi tano, halafu ndipo ufunge mlango. Kifaa cha kuchaji kijae kwanza.

Na umeme. Tumia kompyuta mpakato yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, kazi ya saa nzima imekwenda. Ukikatika wakati wa kusasisha programu ya ndani ya kifaa, kifaa chenyewe kinaweza kuzimika moja kwa moja. Usasishaji ninaufanya asubuhi tu, betri za kompyuta na za kifaa zikiwa zimejaa.

Kuunganisha

Fungua programu, tengeneza faili la mteja, ingiza namba za karatasi, sikio la kulia na la kushoto kila moja mahali pake. Zirudie kwa sauti huku mwenzako anafuatilia kwenye karatasi. Kosa la kubadilisha masikio ni rahisi kuliko unavyodhani.

Washa vifaa kwa kufungua na kufunga mlango wa betri, au kwa kuvizima na kuviwasha kama ni vya kuchaji, na programu itavitafuta. Ikishaviona, mwambie itoe mlio kwenye kifaa chenye alama nyekundu, umuulize mzee ameusikia upande gani. Nyekundu ni kulia.

Kama vifaa vilikwishasetiwa na mtu mwingine, programu itakuuliza ivisome vilivyo au iweke mapya. Visome. Hifadhi nakala ya yaliyomo hata kama unaona ni mabaya, uipe tarehe. Mzee akirudi wiki ijayo akasema, “Ile ya zamani ilikuwa afadhali,” uwe nayo.

Kuiambia programu ukweli kuhusu sikio na mtu

Programu inakisia sauti itakavyofika kwenye ngoma ya sikio, na inakisia kutokana na unavyoiambia. Ukikivalisha kifaa kofia laini ya mpira iliyo wazi, ile ncha inayoingia tundu la sikio, na kwenye skrini ukachagua ile iliyoziba, mahesabu yote yameharibika kabla hujaanza. Angalia urefu na unene wa mrija, aina ya kofia, au kama ni kiziba kilichochongwa kwa umbo la sikio lake, ukubwa wa tundu la hewa. Kwa sikio kama la mzee wangu, ambalo ni zima kwenye sauti nene, kofia iliyo wazi inafaa: sauti nene inaingia yenyewe kwa njia yake, kifaa kinashughulika na nyembamba tu. Aliyepoteza 70 hadi kwenye hezi 500 anahitaji kiziba kilichochongwa, la sivyo sauti itavuja yote.

Halafu kuna kanuni ya kukokotoa kila sauti iongezwe kiasi gani. Kwa watu wazima wengi hutumia NAL-NL2, iliyotengenezwa Australia. Kwa watoto DSL v5, ya Kanada. NAL-NL2 itakuuliza umri, jinsia, na kama mtu amewahi kuvaa kifaa, maana mgeni hupewa kidogo kuliko mzoefu. Itauliza pia kama lugha yake ni ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunabadilisha maana ya neno. Wengi hubonyeza bila kusoma. Sisi tunaoishi chini ya mlima na pembeni ya Meru tusipite haraka hapo. Kiswahili si lugha ya toni, lakini Kichaga ni ya toni, na Kimaasai pia. Ukichagua toni, kanuni inaongeza kidogo kwenye sauti nene, kule ambako kupanda na kushuka kwa sauti kunasikika. Bibi wa Kibosho ambaye siku nzima anaongea Kichaga, au mzee kutoka Monduli anayesema Kiswahili akishuka mjini tu, muulize nyumbani anaongea nini, ndipo uchague. Tofauti ni ndogo, na ukikosea unaweza kurudi.

Kabla ya kukokotoa, fanya jaribio la filimbi. Kifaa kinapiga kelele fupi na kupima ni wapi sauti inatoka sikioni na kurudi kwenye maikrofoni, maana hapo ndipo filimbi huanzia. Chumba kimya, mzee asitafune wala kuongea. Baada ya hapo bonyeza programu ikokotoe.

Mistari mitatu na ukuta mmoja

Utaona mistari mitatu ya ongezeko la sauti kwa kila sikio. Mmoja ni wa sauti ndogo, kama desibeli 50; mwingine wa mazungumzo ya kawaida, 65; na wa tatu wa sauti kubwa, 80. Programu inaongeza sana kwenye sauti ndogo, inaongeza kiasi kwenye ya kati, na kwenye kubwa inaongeza kidogo sana. Huko ndiko kubana sauti, na sababu yake kila mwenye mzazi asiyesikia vizuri anaijua. Unasema, baba hasikii. Unarudia, hasikii. Unapaza, anakuambia, “Mbona unanipigia kelele?” Sikio lililoumia linachelewa kuanza kusikia, lakini linafika mahali pa maumivu karibu palepale kama la kila mtu. Nafasi iliyobaki kati ya hayo mawili ni nyembamba, na sauti zote za dunia inabidi zipite humo.

Ukuta ni MPO, kikomo cha juu ambacho kifaa hakitavuka hata bomba la lori likipasuka pembeni. Ukuta huo unalinda usikivu uliobaki. Wewe msaidizi usiupandishe. Mzee akiomba “ongeza, ongeza,” pandisha mistari ya sauti ndogo na ya kati, ukuta uache ulipo.

Ipo kanuni ya zamani ya nusu: ongezeko liwe karibu na nusu ya upungufu. Mimi huitumia kukagua. Kwenye 4000 mzee amepoteza 70. Nikikuta programu imempa kama 30 hivi, napumua. Nikikuta 60, nimeingiza namba vibaya mahali fulani. Na kumbuka mchoro wa skrini ni makadirio. Kliniki yenye mashine ya kupima kwa mrija mwembamba unaoingizwa sikioni ndiyo inayoweza kuona sauti inayofika kweli, na mara nyingi inakuta sauti nyembamba ziko chini ya lengo lililokokotolewa. Mtu akipata nafasi ya kupimwa hivyo, asiikose.

Kwa anayevaa mara ya kwanza, programu ina kipimo cha kuzoea. Anza asilimia 80 ya lengo na ipande kidogo kidogo kwa wiki. Wazee wengi waliokiweka kifaa kabatini walipewa asilimia 100 siku ya kwanza.

Kujaribu kwa maneno yetu

Washa. Nyamaza kidogo. Mwache asikie feni, asikie viatu vyako. Kisha msalimie kwa sauti ya kawaida, “Shikamoo mzee,” na umwache aitikie, maana kitu cha kwanza kitakachomshtua ni sauti yake mwenyewe.

Wataalamu duniani kote hutumia sauti sita kukagua: a, u, i, m, s, sh. Zinapita kutoka nene hadi nyembamba, na kwa bahati nzuri zote ni za Kiswahili kabisa, hakuna haja ya kumfundisha mtu. Simama nyuma ya bega lake ili asisome midomo, mita moja kisha mita tatu, tamka moja moja bila mpangilio, naye arudie. Asiposikia s, tazama 4000 na kuendelea. Asiposikia m au u, tazama 250 na 500.

Baada ya hapo ninatumia orodha yangu: saa, taa, kaa, paa, faa, zaa, jaa. Yote yana irabu ileile, kinachobadilika ni konsonanti ya mwanzo, kwa hiyo hawezi kukisia. Halafu fika, pika, shika, zika. Mwisho sentensi: ana homa, hana homa, ana pesa, hana pesa, atatoka, hatatoka. Ukanushi wetu unaanzia mwanzo kabisa wa neno, na ule wa mtu wa tatu unaanza na h. Anayeikosa h anaishi na majibu ya kinyume. Sitii th na dh kwenye orodha, wala l na r, kwa sababu wapo wazee ambao tangu utoto thamani kwao ni samani, na nitawahesabia kosa la sikio wakati ni mazoea ya ulimi.

Andika alipata mangapi kati ya kumi, siku hiyo na kila siku anaporudi. Mzee wangu siku ya kwanza alipata “hana” mara tano kati ya kumi, sawa na kubahatisha. Niliongeza desibeli 3 kwenye mstari wa sauti ndogo, kuanzia 3000 hadi 6000, nikarudia. Akapata nane.

Mwisho gonga sufuria kwa kijiko, funga mlango kwa nguvu. Akikunja uso, sauti kubwa zimezidi.

Malalamiko na dawa zake

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapokimbilia kitufe cha sauti. Kanuni yangu ni moja: badilisha kitu kimoja, kwa desibeli 2 au 3, halafu sikiliza.

“Nasikia sauti yangu kama niko ndani ya pipa.” Sikio limezibwa mno. Jaribu kofia yenye matundu zaidi, au ongeza tundu la hewa kwenye kiziba. Haiwezekani? Punguza kwenye 250 na 500.

“Vyombo vya jikoni vinanikata.” Shusha mstari wa sauti kubwa kwenye 2000 hadi 6000. Mstari wa sauti ndogo usiuguse. Nimeona mafundi wakishusha yote mitatu, vyombo vikanyamaza, na h na s vikaondoka navyo, mzee akarudi alikotoka huku akiwa amevaa kifaa.

“Nasikia watu wanaongea lakini sielewi.” Haya ndiyo magumu. Angalia kwanza kofia na nta. Kisha ongeza sauti ndogo na ya kati kuanzia 1500 hadi 4000. Wakati mwingine sikio lenyewe limeharibika kiasi kwamba hata ukiongeza halipambanui tena, na mtu anahitaji kuambiwa hivyo kwa upole, pamoja na kuwafundisha nyumbani kuongea wakimtazama, mmoja mmoja, redio ikiwa imezimwa.

“Kinapiga filimbi.” Kimekaa vibaya, kofia ni ndogo, au kuna nta. Rekebisha hayo, rudia jaribio la filimbi. Kushusha sauti nyembamba ni hatua ya mwisho kabisa.

“Kimekufa.” Betri. Kisha kichujio kidogo cha nta kwenye ncha ya spika. Kompyuta haina la kufanya hapo.

“Nasikia karatasi, nyayo, friji, kila kitu.” Hivyo vitu vilikuwepo miaka yote. Mpe wiki mbili azoee. Vikizidi kumchosha, shusha sauti ndogo kabisa kidogo.

Mipangilio ya ziada

Kifaa kinaweza kuwekewa mipangilio kadhaa ya kubadilisha kwa kubonyeza. Mimi siweki zaidi ya miwili. Wa kwanza wa kila siku. Wa pili wa kelele, maikrofoni zikiwa zimeelekezwa mbele na kipunguza kelele kimeongezwa, kwa ajili ya Soko la Mbuyuni, Kiboriloni, stendi, au Kilombero kwa watu wa Arusha. Mwambie amtazame anayeongea naye, maana kifaa sasa kinasikiliza kule uso ulikoelekea. Asiutumie barabarani, pikipiki hutokea nyuma. Kanisani na msikitini mwangwi ndio adui. Kukaa safu za mbele, mbali kidogo na spika, kunamsaidia kuliko mpangilio wowote ninaoujua.

Kuhifadhi na kumfuatilia

Hifadhi kwenye vifaa na kwenye kompyuta, vyote viwili. Ukikata muunganisho kabla programu haijasema imemaliza, mzee ataondoka na mpangilio wa jana. Chapisha karatasi moja ya mistari mitatu, andika aina ya kofia na saizi ya betri, ampe mwanaye aitunze. Kompyuta iwe na nywila, vipimo vya mtu ni siri yake.

Arudi baada ya wiki mbili. Ukikiunganisha kifaa kitakuonyesha kimevaliwa saa ngapi kwa siku. Ukikuta saa mbili, usimgombeze. Muulize alikivua wapi na kwa nini, jibu lake ndilo la kurekebisha. Kwa anayetoka Rombo au Same, ambaye nauli ni tatizo, vipo vifaa vinavyoweza kurekebishwa na mtaalamu kwa mbali kupitia programu ya simu ya mteja. Uliza kabla ya kununua.

Masika na ile baridi ya mwezi wa sita na wa saba unyevu unaua vifaa huku kwetu. Usiku vilale ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, mlango wa betri ukiwa wazi kwa vile vya betri ndogo. Mchele una vumbi, usiutumie. Wala usivianike jikoni juu ya jiko.

Usikivu upimwe tena kila mwaka. Karatasi mpya ikionyesha alama zimeshuka kwa desibeli 10 au zaidi, usiongezeongeze juu ya mpangilio wa zamani. Ingiza namba mpya, rudia jaribio la filimbi, kokotoa upya, na uanze tena na saa, taa, kaa, paa.